Mabegi Mia Tatu na Matatu

Nyumbani kwetu naitwa Bi Nukta, na si kwa kunisifu. Jina hilo alinipa baba siku nilipomrudisha kwenye duka la gundi kwa miguu kwa sababu risiti ilikuwa na tarehe ya jana. Alirudi amevimba, akaitupa risiti mpya mezani na kusema, "Haya, Bi Nukta, soma." Nikasoma. Namba ya simu ya duka ilikuwa imekosewa, lakini hiyo nilinyamaza nayo.

Miaka tisa nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Asubuhi hadi jioni nilisoma karatasi za mizigo ya watu wengine: ankara, orodha za katoni, hati za shehena, vyeti vya bima. Meli nilizijua kwa majina bila kuziona. Ofisi ilipofungwa nilirudi kwa baba na boksi moja la vitu vyangu na kichwa kilichojaa masharti ya biashara ya nje. Baba akanipokea kwa moyo mmoja, akanipa kiti karakanani kwake na kazi ya kuhesabu bizimu za mikanda. Mimi, niliyewahi kulizuia kontena zima la vigae lisitoke bandarini kwa sababu ya sahihi moja, nahesabu bizimu. Iliniuma, na sikuficha.

Baba anashona mabegi ya ngozi. Karakana yake ni chumba kirefu chenye madirisha mawili, meza ya kukatia, cherehani mbili za mafundi wake na ukuta mzima wa vifaa vilivyotundikwa kwenye misumari, kila kimoja na msumari wake. Mishikio haipitishi kwenye cherehani. Anaishona kwa mkono, sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, na mshono mmoja ukilala upande anafumua mkanda wote, anaanza upya. Anafumua bila kulalamika, kimya kabisa, kama mtu anayemenya viazi. Ile nukta wanayonicheka nayo nimeirithi kwake, ila yeye akiwa nayo wanaiita ufundi.

Na kwa miaka kumi na minne mabegi hayo yalitoka getini kwetu bila jina. Aliyekuwa akiyachukua ni dalali mmoja tunayemwita Kalamu Mbili, kwa sababu mfukoni mwa shati lake hazikosi kalamu mbili, na hakuna hata moja inayoandika. Kila mwanzo wa mwezi alifika na pikapu, akalipa taslimu, akaondoka na mabegi, akayapiga chapa yake mwenyewe. Mwaka fulani niliona begi la baba kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini kwetu. Niliujua ule mshikio kabla sijaijua rangi. Chini yake palikuwa pameandikwa jina la kampuni ya Kalamu Mbili. Nilimwonyesha baba ile picha. Aliitazama, akasema mwanga umeipendelea ngozi, basi.

Ndiyo maana, nilipochoka kuhesabu bizimu, nilikaa chini nikaandika barua pepe ishirini na sita kwa maduka ya mabegi ya nchi za nje, kila moja na picha za baba akiwa kazini. Lilijibu duka moja. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyeandika kwa kifupi, bila mbwembwe: anataka mabegi mia tatu, rangi ya kahawia, yenye chapa ya fundi mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho nilimsomea baba mara mbili. Mara ya pili aliniomba yeye.

Tulikaa kwenye meza ya kukatia, mimi upande huu, baba upande ule, na shangazi, dada yake baba, kwenye kigoda akipaka uzi nta. Shangazi ndiye anayefunga mizigo yote ya karakana. Kabla ya hapo aliuza nguo sokoni miaka thelathini, na hajawahi kumwogopa mteja yeyote.

"Atume pesa yote kwanza," baba alisema. "Mimi simjui."

"Naye hakujui, baba. Yeye anasema atalipa yote akishapokea mzigo."

"Nimpelekee mabegi mia tatu mtu ambaye sijamshika mkono, halafu nikae nisubiri? Nimerogwa?"

"Ndiyo maana benki inaingia katikati," nikamwambia. "Benki yake inatuandikia barua ya dhamana. Barua inasema: tutalipa pesa hii, mkituletea karatasi hizi, zikisema maneno haya, kabla ya tarehe hii. Yeye hawezi kuivunja peke yake. Karatasi zetu zikiwa sawasawa, benki inalipa, hata kama siku hiyo ameamka vibaya."

"Na mabegi benki itayaona saa ngapi?"

"Haiyaoni. Inaangalia karatasi tu."

Baba aliweka msharasi wake chini, ule wa kutobolea ngozi. Niliona nimemgusa pabaya. "Kwa hiyo nishone vizuri ya nini?" aliuliza.

"Ushone vizuri ili aagize tena. Karatasi zinatulipa safari hii. Mshono unatulipa safari zote zinazofuata."

Aliuokota tena msharasi wake. Kisha akauliza begi likiharibika baharini ni la nani.

"Ni la kwake. Bei tuliyompa ni ya mzigo uliokwisha kupakiwa melini. Kabla ya hapo, gari likipinduka au ghala likivuja, hasara ni yetu. Ukishapakiwa, nauli ni yake, bima ni yake, na hofu ni yake."

"Hofu ni yake," shangazi alirudia, akacheka. "Hilo sharti nimelipenda."

Baba hakucheka. "Begi litakuwa lake," alisema, "lakini mshono ukifumuka, aliyeshona ni mimi, popote litakapokuwa." Nilimpenda sana baba dakika ile. Nikamwambia hilo halihitaji karatasi.

Alikubali, lakini kwa sharti lake, na yeye masharti yake hayaandiki popote. "Mzigo mmoja," alisema akininyooshea kidole. "Pesa ikiingia, mauzo ya nje yote ni yako na sitakuuliza kitu. Karatasi zikikataliwa, namrudia Kalamu Mbili, na meli zako sitaki kuzisikia tena humu ndani. Umesikia?"

Nilisikia. Usingizi wa wiki tisa zilizofuata niliulala nusu nusu.

Wiki hizo karakana ilibadilika. Baba alitengeneza muhuri wa shaba, wa kwanza maishani mwake, kwa siku mbili nzima, akiupiga tupa na kuupuliza. Aliweka alama ya msharasi na herufi za mwanzo za jina lake. Alipoupiga kwenye kipande cha ngozi mara ya kwanza, mafundi wawili waliacha cherehani wakaja kutazama. Mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, alipitisha kidole gumba juu ya ile alama, akarudi kushona kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwake.

Barua ya dhamana ilipofika niliisoma kama watu wanavyosoma matokeo ya mtihani. Mabegi mia tatu. Katoni thelathini. Mzigo upakiwe melini kabla ya tarehe thelathini. Nilipiga hesabu: begi moja kilo moja na gramu mia nne, kumi kwa katoni, katoni yenyewe kilo moja, kwa hiyo kilo kumi na tano kila katoni na mia nne na hamsini zote. Nikaandika ankara, nikaandika orodha ya katoni, nikazikagua mara tano. Meli yetu ilikuwa inaondoka Alhamisi, tarehe ishirini na nane. Jumatatu lori lilikuja, shangazi akasimamia upakiaji mikono kiunoni, mzigo ukaenda ghalani bandarini. Nilishusha pumzi.

Niliishusha mapema. Jumanne asubuhi Kalamu Mbili alikuja, hata mwezi haujaisha. Habari zilikuwa zimemfikia, na alikuja kujionea. Alisimama mlangoni mwa karakana akitazama rafu tupu.

"Fundi, nasikia umenisaliti," alisema, akicheka upande mmoja wa mdomo.

"Sijakusaliti. Nimetuma mzigo wangu," baba alijibu, na nikamwona anavyonyoosha mgongo. "Mabegi mia tatu na matatu. Yenye chapa."

"Mia tatu," nilisema kutoka kwenye kiti changu.

"Na matatu," baba alisema. "Muhuri nimepiga mimi. Sijui kuhesabu?"

Nilimuuliza hayo matatu yametoka wapi. Baba akamtazama shangazi, na shangazi akajibu bila wasiwasi wowote, huku akikata uzi kwa meno.

"Ya nyongeza, mwanangu. Moja kwa kila mia. Mtu amenunua mabegi mia tatu, nimpe mia tatu makavu makavu? Atatuona wachoyo. Nilimwomba kaka akashona matatu, tena kwa ngozi iliyo bora kuliko zote. Nimeyatia mwenyewe kwenye katoni tatu. Nilitaka akifungua ashangae."

"Atashangaa nani, shangazi?" Sauti ilinipanda, na sasa naona aibu kusema jinsi ilivyopanda. "Umetumaliza. Wiki tisa zote umezitia kwenye katoni tatu ukazizika."

Shangazi aliacha uzi. Hajazoea kusemeshwa hivyo na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfunga nepi. Kalamu Mbili naye alikuwa ameshajiegemeza kwenye mlango kama yuko ukumbini.

Nilimpigia simu bwana wa benki anayeshughulikia barua za dhamana. Nilimuuliza: tukizidisha mabegi matatu, nikayaandika kwenye orodha kuwa ni ya bure?

"Hapana, dada," alisema. "Barua yako inataja mabegi mia tatu. Karatasi zikionyesha kitu ambacho barua haikukitaja, hiyo ni dosari."

"Hata kikiwa cha bure?"

"Hata kikiwa cha bure. Ungekuwa unauza mchele kwa tani, tungevumilia kidogo huku na huku. Vitu vya kuhesabu kimoja kimoja havina huku na huku."

Niliirudisha simu mezani nikawaeleza wote. Baba alikunja uso. "Zawadi nayo ni kosa? Hiyo benki imelelewa na nani?" Kisha akapunguza sauti. "Si unyamaze tu? Karatasi zinasema mia tatu, benki haiyaoni mabegi, umesema mwenyewe."

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo, nisijifanye malaika. "Ghala linapima kila katoni kabla ya kuiingiza kwenye kontena," nikasema. "Uzito wao ndio unaoandikwa kwenye hati ya shehena ya kampuni ya meli. Orodha yangu itasema kilo mia nne na hamsini, hati yao itasema mia nne hamsini na nne. Benki itaziweka pamoja mezani. Na hata isipoziweka, nitakuwa nimewadanganya forodha kwa mkono wangu, na mkono huu haujawahi."

"Wanapima lini?" baba aliuliza.

"Kesho asubuhi."

Hapo Kalamu Mbili akakohoa. Alisema yeye ni mtu wa nyumbani, hawezi kumwona fundi anaaibika. Yuko tayari kwenda na pikapu yake kuutoa mzigo bandarini leo hii na kuununua wote. Bei ile ile ya getini, alisema, akitoa gharama ya kwenda na kurudi, na kazi ndogo ya kufuta chapa.

Nilimtazama baba. Sharti lake lilikuwa bado halijatimia, lakini lilikuwa limesimama pale chumbani pamoja nasi, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Aliuchukua muhuri wa shaba, akaupangusa kwa kitambaa, akautundika kwenye msumari wake.

"Chapa yangu haifutwi," alimwambia Kalamu Mbili. "Kesho karatasi zikishindikana, njoo. Leo bado." Akageuka kwangu. "Tunafanyaje?"

Tulifunga karakana saa nne asubuhi, siku ya kazi, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Jirani yetu seremala alituazima gari lake, baba akaendesha, shangazi akakaa nyuma na mkoba wake magotini, hasemi. Ilibidi aje, kwa sababu katoni hizo tatu hakuzikumbuka kwa namba. "Mimi sikuzitia kwa namba, nilizitia kwa macho," alisema, na hayo ndiyo maneno yake yote kwa saa tatu. Mimi njia nzima niliandika juu ya faili magotini: barua ya mwenye mzigo ya kuomba kufungua katoni, sababu, idadi, nakala tatu.

Ghala lilikuwa banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji na mistari ya njano ya kugawa mizigo. Karani wake alikuwa mwanamke wa rika langu aliyekuwa akipiga mstari chini ya kila namba kwa rula. Nilipoiona ile rula nilijua tutaelewana au tutagombana vibaya, hakuna katikati.

"Mzigo uliokwisha pokelewa haufunguliwi," alisema bila kuinua kichwa.

"Haufunguliwi bila barua ya mwenye mzigo, afisa wa forodha kuwepo, na utepe mpya wenye sahihi," nikasema. Nikampa barua. Nikampa stakabadhi yake ya kupokelea mzigo, kitambulisho cha baba na nakala yake. Utepe mpya nilikuwa nao mfukoni.

Aliinua kichwa. Alisoma barua yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na alipofika mwisho akanitazama kwa namna ambayo kwa miaka mingi sijatazamwa. "Umewahi kufanya kazi hii," alisema.

"Miaka tisa."

"Basi msubiri afisa. Anakula."

Tulisubiri tukiwa wima. Baba, aliyezoea watu wamsubiri yeye, alisimama kando ya katoni zake akisoma kimya jina lake lililopigwa pembeni mwa kila moja. Afisa wa forodha alipokuja, mzito na mpole, shangazi alipita kati ya zile katoni thelathini akizigonga kwa kiganja. Alipofunga yale matatu alikuwa amekunja ncha ya utepe kwa ndani, mkunjo mdogo usioonekana na mtu asiyeutafuta. "Hii," alisema. "Na hii. Na ile ya chini."

Tulizifungua. Aliyatoa mabegi yake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Yalikuwa mazuri mno. Kwenye mwanga wa lile banda ile ngozi ilikaa kama maji ya chai, na nilielewa kwamba shangazi hakuwa amempa yule mama mabaki. Alikuwa amempa bora ya vyote tulivyonavyo. Karani alipandisha katoni tatu kwenye mizani mbele yetu. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano na ushee mdogo, ambao aliuacha kwa sababu mizani yake haiandiki ushee. Tukafunga kwa utepe mpya, afisa akasaini juu yake, mimi nikasaini, baba akasaini.

"Kazi nzuri hii," afisa alisema, akiligusa begi moja mkononi mwa shangazi.

Na shangazi, muuzaji wa miaka thelathini, alimnyooshea. "Chukua moja, mwanangu, la mkeo. Na karani naye—"

Nilimdaka mkono hewani. "Shangazi, hapa hiyo ina jina jingine, na kifungo chake ni miaka mitatu."

Afisa alicheka mpaka akashika ukuta. Karani wa rula alicheka pia, kwa kipimo. Hata baba. Shangazi peke yake hakucheka, alitoka nje na mabegi yake matatu kifuani, na mimi nikamfuata.

Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha kontena tupu. "Sijawahi kumnyang'anya mtu nyongeza yake," alisema. "Tangu nianze kuuza. Nimejiona mdogo leo."

"Nisamehe, shangazi," nikamwambia. "Nilikupandishia sauti mbele ya yule mtu. Lile kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeijua barua, na nilimweleza baba, sikukueleza wewe unayefunga katoni. Nilidhani kazi ya karatasi inaishia kwenye karatasi."

Alinitazama sana. "Kwa hiyo huko nje watu hawapeani?"

"Wanapeana. Ila wanaandika kwanza. Akiagiza tena, nitaiweka nyongeza yako kwenye mkataba na kwenye barua ya dhamana. Ikishaandikwa, ukithubutu kuisahau, benki yenyewe itaidai."

"Benki idai zawadi yangu?"

"Kwa herufi kubwa."

Shangazi alilifikiria, na nikaona mabega yake yanashuka. "Hilo nalo nimelipenda," alisema, akanipa begi moja nimbebee.

Meli iliondoka Alhamisi. Hati ya shehena ilitoka na kilo mia nne na hamsini, na mimi niliishika kwa mikono miwili. Nikaiambatanisha na ankara, orodha ya katoni na cheti cha asili ya bidhaa, nikazipeleka benki. Benki ina siku tano za kazi za kukagua. Siku tano hizo nilihesabu bizimu zote za karakana mara tatu, na hakuna aliyenituma.

Siku ya sita tulikwenda, baba na mimi. Alivaa koti lake la harusi za watu. Bwana wa barua za dhamana alikuwa na karatasi zetu mbele yake, na juu ya kila moja alama ndogo za penseli alipokuwa akilinganisha neno kwa neno. Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yetu.

"Karatasi za wasafirishaji wa mara ya kwanza," alianza, "karibu zote huwa narudisha. Jina limekosewa herufi, uzito haulingani, tarehe imepita." Akazigonga ukingoni mwa meza zikakaa sawa. "Hizi hazina hata dosari moja. Nimetafuta. Pesa yenu inaingia leo. Wakala wenu ni nani?"

Nilifungua mdomo, lakini baba alitangulia. Baba si mtu wa kusema mbele za watu. Kwenye mikutano ya mtaa hukaa nyuma. Siku hiyo alisema kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia, hadi mlinzi wa mlangoni akageuka.

"Hatuna wakala. Ni binti yangu. Kila neno hapo limeandikwa na binti yangu."

Sikujua nitazame wapi. Niliitazama kalamu ya yule bwana iliyofungwa kwa kamba kwenye meza, macho yakinichoma, na nilijisikia mrefu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa mara ya kwanza baba yangu alikuwa ananitambulisha kwa kazi yangu.

Tulipotoka, simu ya baba ililia kwenye ngazi za benki. Alikuwa Kalamu Mbili, akitaka kujua karatasi zimerudi au hazijarudi. Baba alimwambia zimepita. Akasikiliza kidogo, akaniambia, "Anataka mabegi mia moja mwezi ujao." Nilidhani atamjibu kama alivyomjibu miaka kumi na minne. Badala yake alinipa simu.

"Mauzo ni yako," alisema. "Mwambie masharti."

Niliipokea. Nikamwambia Kalamu Mbili kwamba tunauza, bei ni mpya, chapa ni yetu na inabaki, na malipo ni yote kabla mzigo haujatoka getini.

"Hata nusu kwanza haiwezekani?" aliuliza. "Mimi si mtu wenu?"

"Ndiyo maana sikudai barua ya benki," nikamwambia.

Akasema nimtumie kwa maandishi. Baba alikuwa amesimama ngazi moja chini yangu, mikono mifukoni mwa koti lake, akisikiliza kila neno, na hakuniingilia hata mara moja.